Onyo Alilolimeza Mume Wangu

Sipendi kuambiwa nimenawiri. Hapa Mukuyuni, Makueni, watu wana hiyo tabia. Wanakuona midomo imepauka, umeshikilia nguzo ya duka ili usianguke, na bado wanakwambia unang'aa, Bwana asifiwe. Zamani nilikuwa naitikia amina. Siku hizi namkodolea mtu macho mpaka akumbuke kwamba alikuwa na safari. Nina saratani ya damu. Nimeipata kutokana na dawa zilizoniponya saratani ya titi. Naliandika hili mapema, mtu asije akasema nilimficha, maana mimi nimefichwa vya kutosha.

Kazi yangu ni ushonaji. Nashona sare za shule, hasa mashati meupe, na kabla ya kuugua mara ya kwanza nilikuwa na mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Uvimbe niliukuta nikioga. Sikuulea. Nilienda hospitali juma hilohilo, nikakatwa titi la kushoto, kisha nikawa naenda Nairobi kutiwa dawa kwenye mshipa, na baadaye mionzi. Kati ya hizo dawa kulikuwa na moja nyekundu ambayo muuguzi aliisukuma polepole kwa sindano huku akinitazama usoni. Nilikuwa nakojoa mkojo mwekundu. Nywele zilitoka zote, kucha zikawa nyeusi, na chakula chochote nilichoweka mdomoni kikawa na ladha ya misumari.

Mume wangu sitamsingizia. Ndiye aliyenishikia beseni nikitapika, na ndiye aliyejifunza kupika uji mwepesi ambao ungekubali kushuka. Majirani walimcheka wakimwona akianika nguo zangu za ndani kwenye kamba, naye akaendelea kuanika. Mtu akiniuliza kama alikuwa mume mwema nitasema ndiyo, na nitasema nikiwa nimekunja uso.

Siku ya mwisho ya matibabu, daktari alinipima, akaniambia tumemaliza, kisha akamwita mume wangu kando. "Mzee, hebu kidogo." Ndivyo inavyofanyika kwetu. Habari ya mgonjwa huambiwa mwenye nyumba kwanza, naye ndiye huamua imfikie mgonjwa ikiwa na ukubwa gani. Mgonjwa akiwa ni mwanamke, anaketi kwenye benchi, mkoba mapajani, anautazama mlango. Mimi niliketi. Hawakukawia. Mume wangu alitoka akitabasamu, akanipokea mkoba, akasema daktari amesema twende nyumbani tukamshukuru Mungu.

Tukaenda tukamshukuru. Tulichinja mbuzi, akina mama wakapika wali na ndengu, kwaya ikaimba mpaka vumbi likatoka sakafuni. Mama pastor, yaani mke wa mchungaji wetu, alinifunga leso mpya mabegani mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo niligeuzwa pambo la kanisa. Kila mwaka, Jumapili ya shukrani, nilipandishwa mbele nikasema Mungu alinitoa kwenye saratani, na vigelegele vikapigwa. Wageni wakitoka makanisa mengine walionyeshwa mimi kabla ya kuonyeshwa choo kipya.

Lazima nieleze jambo moja, vinginevyo hamtaelewa ujinga uliofuata. Katika kanisa letu kuna kitu tunachokiita kukiri. Kinywa chako kikitamka jambo, umelifungulia mlango. Kwa hiyo hakuna mtu kanisani kwetu anayesema ni mgonjwa. Anatetemeka kwa malaria, meno yanagongana, na ukimwuliza anasema anapokea uponyaji. Mtu akikutajia baya, unalikataa kwa jina la Yesu papo hapo, kwa sauti, na baada ya hapo halizungumzwi tena, kwa sababu kulizungumza ni kulirudisha. Tena ukishatoa shukrani kwa uponyaji, hairuhusiwi kwenda kupimapima. Kwenda kupimwa baada ya shukrani ni kumwambia Mungu akurudishie mbuzi wako. Mimi mambo haya nilikuwa nayacheka pembeni na wenzangu wa kwaya, lakini nilikuwa nayafuata.

Ilipita miaka kama saba. Ilikuwa miaka mizuri, na sitaki mtu anipokonye. Nilimwona mtoto wangu wa mwisho akimaliza kidato cha nne. Nilinunua cherehani ya umeme. Nilinenepa.

Halafu zikaja pini. Mshonaji hudungwa na pini kila siku, na siku zote mimi nilinyonya kidole nikaendelea. Sasa damu ikawa haikatiki. Nadungwa asubuhi, saa nne bado kidole kinatia doa. Nilianza kuharibu kola za mashati meupe, mzazi analeta shati na kuniuliza hili ni nini, nami nalifua kwa chumvi na kuapa si langu. Mapajani, mahali panapogusana na ukingo wa meza, nikaona alama nyeusi kana kwamba nilipigwa. Fizi zikawa zinavuja nikipiga mswaki. Nikipanda kale kamlima kutoka sokoni kwenda nyumbani, nilikaa chini njiani, mimi niliyekuwa nakapanda na gunia la mbaazi kichwani.

Kijiji kizima kikajua ugonjwa wangu ni nini: damu kidogo. Dawa yake nayo ikajulikana. Bitiruti, kile kiazi chekundu. Nililetewa bitiruti ya kuchemsha, bitiruti ya kusaga, bitiruti iliyochanganywa na maziwa. Mama pastor alileta kikapu kizima na kuniambia nipokee. Nilikunywa hiyo kitu mpaka nikaona rangi yake nikaikumbuka ile dawa nyekundu ya Nairobi, nikatapika mlangoni.

Tulienda kwenye zahanati. Mhudumu, kijana mpole, alinitazama ndani ya macho, akasema damu imepungua, akataka kujua kama nimewahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa. Nilikuwa nafungua mdomo. Mume wangu akajibu kabla yangu: "Hapana, daktari. Yeye ni mzima." Nilimgeukia. Akaniwekea mkono begani, mkono wa upole, na mimi nilikuwa nimechoka hata kubishana. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Nilivimeza mpaka mvua za vuli zikanyesha, ndengu zikavunwa, na bado nilizidi kupauka.

Nilianguka dukani, kati ya meza na cherehani. Nilipelekwa hospitali kubwa, nikatolewa damu, nikaongezwa damu, nikachomwa sindano nene kwenye mfupa wa nyonga ili watoe uboho. Daktari aliyeleta majibu alikuwa mwanamke, mdogo kwa binti yangu wa kwanza. Huyo alivuta kiti akaketi karibu nami, akaongea na mimi. Mume wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Daktari aliniambia ni saratani ya damu, lukemia, na kwamba alama za uboho wangu zinaonyesha imetokana na matibabu ya zamani. Dawa zile zinapoua saratani huweza kuumiza uboho, mahali damu inapotengenezwa. Kwa watu wengi uboho hupona. Kwa wachache sana, miaka ikishapita, ule uliojeruhiwa hugeuka. Kisha akaniuliza kitu ambacho kwake kilikuwa swali la kawaida.

"Mama, si uliambiwa ukiona unachoka ama unatoka alama, ukimbie upimwe damu?"

Nikasema sikuambiwa. Yule binti akakunja kipaji, akasema huwa tunawaambia. Mimi nikamtazama mume wangu. Yeye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilimngoja. Nina sifa ya kutoweza kungoja, lakini hapo niliweza. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ya mtu anayetoa ushuhuda kanisani akiwa hajajiandaa: "Aliniambia. Ile siku ya mwisho. Nilikataa kwa jina la Yesu."

"Ulikataa nini?"

"Hiyo maneno. Sikutaka ikuingie. Ungekaa ukingoja kufa."

Yaani daktari wa Nairobi alipomwita kando alimpa onyo langu, onyo la mwili wangu, na yeye akalikataa kwa niaba yangu pale pale, akalimeza, akatoka akitabasamu. Alilala nalo kitanda kimoja na mimi miaka yote hiyo. Aliziona pini, aliziona alama mapajani, kwa maana yeye ndiye anayeona mapaja yangu, na bado akanikamulia bitiruti. Kule zahanati, kwa akili yake, hakusema uongo. Alikuwa anakiri uzima.

Nilimwuliza daktari kama ningejua mapema ningepona. Hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu. Alisema kupimwa damu kusingezuia ugonjwa kuja, ila kungeutambua ningali na nguvu, na matibabu humkubali zaidi mtu mwenye nguvu. Zaidi ya hapo hakuna anayeweza kujua. Basi nimebaki na hilo, hakuna anayeweza kujua, na nalitafuna kila siku.

Nikamchukia. Siandiki kwamba nilikasirika, kukasirika nakujua. Nilimchukia jinsi anavyotafuna, jinsi anavyokohoa kabla ya kuomba. Kati ya matibabu, niliporuhusiwa kwenda nyumbani, nilimhamishia chumba cha watoto, nikawaambia watoto sababu. Niliwaambia wateja. Niliwaambia wauza nyanya. Mtu akija kuchukua shati lake aliondoka nalo pamoja na habari yote, tangu ile dawa nyekundu mpaka viatu alivyoviangalia mume wangu. Yeye hakujitetea. Alikuwa anakaa nje kwenye kigoda akinisikia, na kwa kweli hilo lilinikera zaidi.

Mama pastor akaja na wenzake kuniombea. Walipomaliza waliniomba, kwa heshima zote, nipunguze kuongea, kwa kuwa naharibu ushuhuda. Nikawauliza ushuhuda wa nani. Nikawaambia mbuzi walishamla na leso yao ninadekia sakafu. Walivaa viatu wakaondoka, na sikuwasindikiza.

Nilidhani nimewamaliza. Nilikuwa sijui kwamba wamebadilisha tu wimbo. Kwenye kongamano la akina mama, ambako walikutana na makanisa ya upande wa Kitui, walisimama wakasimulia habari za dada mmoja wa Makueni ambaye Mungu alikuwa amemponya kabisa, lakini dawa za hospitali, sumu ile, zikampa saratani ingine. Hawakunitaja. Hawakuhitaji. Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, alikuwa ameketi pale kwenye viti vya nyuma.

Mdogo wangu ameolewa Ikutha, huko Kitui. Mume wake ananunua na kuuza mbuzi, na yeye ana shamba na kuku na ukaidi wa ukoo wetu. Alikuwa na uvimbe. Alikuwa tayari amekatwa kinyama kikapimwa na kuambiwa ni saratani ya titi, imeshikwa mapema, aanze dawa. Mimi hakuniambia, ati nisishtuke nikiwa mgonjwa. Aliporudi kutoka kongamano alimwambia mume wake hataki dawa tena. Shemeji ndiye aliyenipigia simu. Hakuzunguka. Alisema amekataa, na sababu ni wewe.

Sikujua nimkasirikie nani kwanza, na orodha ilikuwa ndefu. Daktari wangu hakufurahia mimi kusafiri, lakini akanisikiliza, akanipa barakoa na masharti, na kwa kuwa siwezi kubeba hata chupa ya maji, ilibidi mume wangu aje. Hatukusemezana njia nzima. Tulipofika, shemeji alimchukua mume wangu wakaenda upande wa zizi, na nilimwona mdogo wangu akichagua ndengu kwenye uteo, akitoa mawe, kichwa chini. Hakuinuka.

"Umekuja kunichapa," akasema.

Nikamwambia kama ningekuwa na nguvu ya kuchapa mtu ningeanza na watu wa karibu. Hakucheka. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikavua barakoa ili anione midomo ilivyo. Alitazama, akarudi kwenye ndengu zake.

Alisema yote aliyokuwa ameyaweka. Kwamba anawaona watu wakienda hizo dawa wakirudi wamekwisha. Kwamba mimi mwenyewe nimekuwa nikitangaza sokoni kilichoniletea ugonjwa huu, mpaka watu wa Ikutha wanajua. Kwamba afadhali afe na moja kuliko afe na mbili. Kwamba kuna mtu anayeuza majani ya kuchemsha, na mama pastor ameahidi kufunga na kumwombea. Alisema bila kulia, mkono wake ukiendelea kutoa mawe na kuyatupia kuku.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno makali ya kutosha kaunti mbili. Nikamwambia hao wanawake walitumia ugonjwa wangu kama walivyotumia uponyaji wangu, na kwamba wakirudi kunitumia tena nitakwenda kanisani kwao na mfuko wangu wa dawa. Nikamwambia hayo majani ni ya mbuzi wa mume wake. Akaniacha nimalize, kisha akaweka uteo chini na kuniuliza lile swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza, si daktari, si mume wangu, wala mimi mwenyewe.

"Mwiitu wa mwaitu. Kama ungeambiwa hii ingine inaweza kuja, ungekubali hiyo dawa?"

Binti wa mama yangu, ndivyo alivyoniita. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita tulipokuwa wadogo, akitaka nisimdanganye.

Nilitaka kusema hapana. Ingenipendeza sana kusema hapana, kwa maana hapana ingemfanya mume wangu kuwa mwuaji kamili na mimi mtu aliyedhulumiwa kila kitu. Lakini nikaiona ile miaka. Mtoto akitupa daftari zake za kidato cha nne hewani. Cherehani ya umeme. Mama yetu, ambaye tulimzika mimi na huyu mdogo wangu pamoja, mimi nikiwa mzima wa kushika jeneza upande mmoja. Bila ile dawa nyekundu mama ndiye angenizika mimi.

"Ningekubali," nikasema. "Ningeambiwa yote na bado ningekubali. Hiyo ndiyo inaniuma. Alinificha bure."

Nilisikia mtu akisogea nyuma yangu. Mume wangu alikuwa ametoka zizini, amesimama na kikombe cha maji ya kumezea vidonge vyangu. Alikuwa amesikia. Sikugeuka, nikanyoosha mkono nyuma nikachukua maji.

Kisha nikamwambia mdogo wangu mambo yote kama nilivyoambiwa na yule daktari binti, bila kupunguza, bila kukataa chochote kwa jina la yeyote. Kwamba dawa itamtesa. Kwamba kwa wachache sana, miaka ikishapita, huja hii niliyo nayo, na mimi niko katika hao wachache na inaniudhi. Kwamba walio wengi hawaipati. Kwamba ile ya titi ikiachwa hivyo itamwua, haina uchache wala wingi. Na kwamba akimaliza dawa, siku atakayoona alama mwilini au kuchoka kusikoisha, asipelekewe bitiruti na mtu, aende akapimwe damu na aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba aliwahi kuwa na saratani na akatibiwa.

Aliuliza kama namaanisha aseme hivyo, hilo jina. Nikamwambia alitaje jina lote mpaka mhudumu achoke. Akachukua uteo akaendelea na ndengu, na sikupata jibu siku hiyo. Tulikula muthokoi wa mahindi na maharagwe, wanaume wakaongea habari za mvua.

Asubuhi mdogo wangu alitoka chumbani amevaa viatu vya kufunika, vya safari.

Hospitalini tuliingia wanne, kiasi kwamba muuguzi alitaka kutufukuza. Daktari hakuwa yule binti aliyenitibu mimi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye haraka, na hakuwa mtu mbaya. Alimpima mdogo wangu, akasema amefanya vizuri kurudi, dawa zitaanza. Halafu akafunga faili, akainuka, akamtazama shemeji yangu juu ya vichwa vyetu na kumwonyesha mlango.

"Mzee, hebu kidogo."

Shemeji alikuwa ameshanyanyuka, maana ndivyo alivyolelewa. Mume wangu akamshika mkono wa shati akamrudisha kitini. Hakunitazama, alimshikilia tu. Daktari akabaki amesimama na mkono kwenye kitasa.

Mdogo wangu aliweka mkoba wake chini.

"Niambie mimi," akasema. "Titi ni langu."

Daktari alitutazama mmoja mmoja, akarudi akaketi, akalifungua tena faili.